Umri wa Visima vya Wajir

Masimulizi ya Wasomali yasema kwamba visima vya kale vya Wajir na El Wak vilichimbwa na Wamadanle, majitu waliowatangulia katika nchi hiyo. Simulizi limehifadhi jina, si mwaka. Mbinu ya kaboni, iliyotangazwa na Willard Libby mwaka 1949, hupima mabaki ya viumbe, haipimi mwamba. Nalo tope la kisimani huzolewa, hivyo halishuhudii siku ya kuchimbwa. Shahidi bora ni mchanga uliofukiwa chini ya kifusi cha kwanza: chembe zake hulimbikiza nishati tangu zilipopigwa na jua mara ya mwisho. Kwa kipimo hicho, kaburi la mtoto la Panga ya Saidi, Kilifi, lilitangazwa mwaka 2021 kuwa na umri wa miaka 78,000 hivi. Kifusi cha visima kikisombwa, jina la Wamadanle litabaki bila tarehe.