Kabla hujanunua miche ya paini

Ndugu mkulima wa Musoma, Bunda na Butiama, jifunze kwa paini aina ya radiata. Asili yake ni hasa pwani ya California, Marekani. Wakoloni wakaipanda kwa wingi Kenya. Ukungu uitwao Dothistroma ukakausha majani yake, na miaka ya 1960 upandaji ukaachwa. Sao Hill, Mufindi, imejaa patula kutoka Meksiko, inayostahimili zaidi ukungu huo.

Miti inayofanana huugua pamoja. Leo maabara husoma vinasaba, yaani DNA, na kuonyesha miti iliyo ndugu wa karibu. Wewe huna maabara, lakini una mdomo: muulize muuza miche mbegu zilitoka miti mama mingapi. Akisema mmoja, usinunue.