Njia ya Kuiendea Bereti ya Kijani

Kituo cha treni cha Spean Bridge ni kidogo, kimezungukwa na milima ya Uskoti. Kuanzia Februari 1942, makuruta wa makomando wa Uingereza walishukia hapo. Mabegi yao yalipakiwa kwenye lori. Wao wakajipanga, silaha na mizigo migongoni, wakaanza kutembea kilomita 11 hivi hadi kasri la Achnacarry, makao ya ukoo wa Cameron.

Nimeifuata njia hiyo kwa miguu. Inaanza kwa mlima, na juu kabisa leo wamesimama askari watatu wa shaba, kazi ya mchongaji Scott Sutherland, iliyozinduliwa mwaka 1952. Kisha inateremka Gairlochy, inavuka mfereji wa Caledonia na kuingia msituni. Makuruta walipofika langoni walipokewa na makaburi. Hakuna aliyezikwa humo. Mkuu wa kambi, Luteni Kanali Charles Vaughan, aliyaweka kwa makusudi, kila moja na kibao kinachoeleza kosa lililodaiwa kumuua mwenye kaburi: huyu alijionyesha kileleni mbele ya adui, yule hakuitunza bunduki yake. Mafunzo yalifungwa kwa kushambulia ufuko wa ziwa Lochy usiku, risasi za kweli zikipita karibu. Aliyeshindwa alirudishwa kikosini kwake, na hiyo ndiyo adhabu waliyoiogopa kupita zote.

Mwanzoni makomando hawakuwa na kofia yao. Kila mmoja alivaa ya kikosi alikotoka, na gwaride likawa mchanganyiko wa kofia na beji. Kikosi cha Komando Namba 1 kilikuwa na nembo ya begani yenye salamanda wa kijani akipita katika moto mwekundu na wa njano. Katika rangi hizo ikachaguliwa kijani, na washonaji wa kofia za Kiskoti mjini Irvine wakaishona bereti. Ilianza kugawiwa mwaka huohuo wa 1942. Kwangu mimi, nguvu yake haikutoka kwenye kitambaa wala kwa yule salamanda. Ilitoka kwenye barabara hii, kwa kuwa kila aliyeivaa alijua mwenzake amepita wapi.

Makomando Wafaransa walioongozwa na Philippe Kieffer walipita hapa pia. Tarehe 6 Juni 1944, 177 kati yao walishuka ufuko wa Sword huko Normandy, wakiwa na beji iliyochorwa na mwenzao Maurice Chauvet: ngao yenye merikebu, kisu cha komando kikiikata mshazari, na msalaba wa Lorraine pembeni. Katika jeshi la Ufaransa bereti hulazwa kushoto na beji hukaa kulia. Makomando wa jeshi la maji la Ufaransa, warithi wa Kieffer, hadi leo huilaza kulia na kuiweka beji kushoto, kama ilivyovaliwa Achnacarry.