Mulika Mwizi na Ramani ya Vurugu

Tarehe 30 Desemba 2007, siku matokeo ya urais yalipotangazwa, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Kwa mtu wa Likuyani hilo halikuwa jambo la Nairobi. Eldoret iko barabara hiyo hiyo ya Kitale, na ardhi yetu ni ya skimu: mashamba ya walowezi yaliyogawanywa wakati wa uhuru, kwa hivyo jirani yako anaweza kuwa Mbukusu, Mmaragoli, Mnandi au Mkikuyu. Kila boma lilitaka kujua kitu kimoja tu: moto umefika wapi?

Mapema Januari, Ory Okolloh aliuliza mtandaoni kama kuna watu wa teknolojia wanaoweza kuchora ramani ya vurugu. Erik Hersman, David Kobia, Juliana Rotich na wenzao wakaitika, na ndani ya siku chache Ushahidi ikawa hewani. Ukiona kitu unaripoti, kinawekwa kwenye ramani.

Hadithi hii husimuliwa kama ushindi, na ni ushindi kweli. Mwaka 2010 programu hiyo ilitumika hadi Haiti baada ya tetemeko. Lakini mimi hukwama kwa swali la kijinga: Likuyani nani aliiona hiyo ramani? Nyaya za intaneti za chini ya bahari zilifika Mombasa 2009. Kabla ya hapo intaneti ilitegemea setilaiti, bei yake usiulize. Huku simu ilikuwa mulika mwizi, na hata hiyo mlichaji kwa duka. Ripoti ingeweza kupanda kutoka kijijini hadi kwa ramani. Kushuka ndio shida. Kilichoshuka bila shida ni SMS za uvumi, watu wakifowadiana, mpaka serikali nayo ikatuma SMS za kuonya.

Jibu nililolipenda lilitoka Nakuru, kwa chifu. Francis Kariuki wa Lanet Umoja alianza kutumia Twitter 2011. Siri yake ilikuwa ndogo: wakati huo ungeweza kumfuata mtu kwa SMS, bila intaneti, bila akaunti. Chifu akiandika kuhusu mbuzi aliyepotea, ujumbe unaingia kwa mulika mwizi. Usiku mmoja wezi walivamia nyumba ya mwalimu, chifu akaandika, majirani wakatoka, wezi wakatoroka. Mzee anayesoma ujumbe huo hakuhitaji kujua Twitter ni mnyama gani.

Aprili 2020 Twitter ilizima huduma hiyo ya SMS karibu dunia nzima. Sijui kama kuna mtu aliyeaga.

Siku hizi tangazo la baraza linawekwa kwa grupu ya WhatsApp. Nyanya yangu bado ana mulika mwizi. Mimi humpigia na kumsomea, nikiwa na kredo.