Kiziduo cha chai ya kijani

Kiziduo cha chai ya kijani ni unga au kimiminiko kinachopatikana kwa kuloweka majani ya mchai (Camellia sinensis) katika maji moto au alkoholi, kisha kuyachuja. Hutiwa katika krimu na losheni kwa kuwa kinaweza kupunguza madhara ya jua katika seli za ngozi.

Mchai huohuo hutoa chai nyeusi. Tofauti imo kiwandani. Majani ya chai ya kijani hupashwa moto mapema baada ya kuchumwa ili vimeng'enya vyake visiendelee kufanya kazi, na hivyo katekini zilizomo hubaki. Katika chai nyeusi, ambayo ndiyo hasa inayotengenezwa Kenya na Tanzania, sehemu kubwa ya katekini hugeuka. Iliyo nyingi zaidi ni epigalokatekini galati, kwa kifupi EGCG.

Utendaji

Mionzi ya urujuanimno ikipiga ngozi huzalisha radikali huru, yaani atomu au molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake. Hizo hupokonya elektroni kutoka kwenye mafuta ya utando wa seli, protini na DNA. Seli ina ulinzi wake, kama kimeng'enya katalasi, glutathioni, na vitamini C na E. Ulinzi huo ukizidiwa, hali hiyo huitwa msongo wa oksidisho. EGCG huipa radikali atomu ya haidrojeni na kuituliza. Yenyewe hubaki radikali pia, lakini iliyo pole.

Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kupaka kiziduo kwenye ngozi ya watu waliojitolea kabla ya kuwamulika kwa mwanga unaofanana na wa jua. Seli zilizoungua zilipungua, na DNA iliharibika kidogo kuliko mahali pasipopakwa.

Majaribio ya seli za kukuzwa maabara yasomwe kwa tahadhari zaidi. Katika maji ya kukuzia seli, EGCG huweza kuoksidika na kutoa peroksidi ya haidrojeni, ambayo nayo hudhuru seli. Tena hupenya ngozi kwa shida, na ikikaa hewani hugeuka kahawia kama ndizi iliyomenywa. Maneno "ina chai ya kijani" juu ya kopo hayasemi ni kiasi gani kimo, wala kama bado ni kizima.

Mipaka

Kiziduo hakichukui nafasi ya losheni ya kukinga jua. Losheni huzuia mionzi isifikie seli. Chai hupunguza baadhi tu ya madhara ya mionzi iliyokwisha kupita. Kwa watu wenye ualbino, ambao ngozi yao ina melanini kidogo au haina kabisa, kuchanganya mambo haya mawili ni hatari: katika Afrika Mashariki wengi wao hupata saratani ya ngozi wangali vijana. Losheni maalumu kwa ajili yao imekuwa ikitengenezwa Moshi, Tanzania.

Vidonge ni jambo jingine. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilieleza kwamba miligramu 800 za EGCG au zaidi kwa siku katika vidonge huweza kuleta dalili za madhara ya ini. Chai ya kunywa kikombeni iliihesabu kuwa salama kwa jumla.