Kiti cha Mwanafunzi na Umbali wa Kanazi: Unafuu wa Tiba ya Meno Tanzania, 1979–1994

Historia ya tiba nchini Tanzania imeandikwa zaidi kwa kufuata malale, ndui, malaria na UKIMWI. Jino limebaki pembeni, pengine kwa sababu haliui watu wengi. Hata hivyo, jino ndilo linalomtoa mtu mzima kitandani usiku wa manane na kumzungusha uani hadi alfajiri. Insha hii inachunguza njia moja ya kulitibu kwa gharama ndogo, yaani kutibiwa na mwanafunzi anayesimamiwa na mwalimu wake, na inauliza ni kwa kiasi gani njia hiyo iliweza kumfaa mkazi wa Kanazi, kusini mwa mji wa Bukoba. Hoja yake ni kwamba unafuu huo umezoeleka kupimwa kwa ada, ilhali kwa Kanazi kipimo cha haki kilikuwa safari. Aidha, mchango wa wanafunzi uliokuwa na maana kubwa zaidi kwa vijiji ulipatikana pale ambapo kiti cha kliniki na mashine zake havikuweza kufanya kazi.

Kanazi si mahali pasipo na historia yake. Palikuwa makao ya Mukama Kahigi wa Kyanja, mtawala aliyejenga uhusiano wa karibu na Wajerumani baada ya Emin Pasha kuanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890. Watu wa ukingo huu wa ziwa pia waliishi jirani na tukio ambalo mwanahistoria wa mafunzo ya tiba hawezi kulikwepa. Mwaka 1906 na 1907, katika visiwa vya Sese upande wa Uganda, Robert Koch aliwajaribia wagonjwa wa malale dawa ya atoksili, na baadhi yao walipofuka. Ninalitaja tukio hili kwa sababu moja tu. Swali la nani anabeba gharama ya mganga kujifunza lilikuwapo katika eneo hili miongo mingi kabla ya chuo chochote cha meno, na jibu lake la kwanza lilikuwa baya.

Mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili mwaka 1979, ndani ya Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kabla ya hapo, aliyetaka taaluma hiyo alikwenda nje ya nchi. Nairobi ilikuwa imetangulia mwaka 1974. Mwaka huohuo wa 1979 ndio vita ya Kagera ilimfikisha Amin kwenye kuanguka kwake, na wakazi wa kaskazini ya mto walikuwa wakirejea kwenye nyumba zilizobomolewa. Ikumbukwe pia kwamba sheria ya mwaka 1977 ilikuwa imezuia hospitali za binafsi za kibiashara, zuio lililoondolewa mwaka 1991. Kwa hiyo, katika muongo wa kwanza wa mafunzo haya, mwananchi wa kawaida hakuwa na soko la kulinganisha bei. Alikuwa na hospitali ya serikali, hospitali ya misheni, au koleo la fundi wa mtaani.

Kliniki ya kufundishia ina mapatano yake, ingawa mara nyingi hayasemwi. Mgonjwa hulipa kidogo, au halipi kabisa, lakini hulipa kwa muda. Mwanafunzi humpima, huandika anachokiona, husubiri mwalimu aje athibitishe. Huchimba jino, husimama, humwita mwalimu tena. Huziba, na mwalimu hukagua kwa mara nyingine kabla ya kuridhia. Kazi ambayo daktari mzoefu huimaliza kwa nusu saa inaweza kula asubuhi nzima, na jino lenye mzizi ulioharibika hudai marudio. Wapo wanaoliita jambo hili kuwafanya maskini vifaa vya kufundishia. Sikubaliani nao moja kwa moja. Mgonjwa wa kliniki ya namna hii hukaguliwa na macho ya watu wawili, na jino linaloweza kuokolewa hutetewa, kwa kuwa mwanafunzi anahitaji kujifunza kuliziba na si kuling'oa tu. Hilo ni pato ambalo ada ndogo peke yake haiwezi kulieleza.

Lakini mapatano hayo yanamhitaji mgonjwa anayeweza kurudi. Mkazi wa Temeke au Ilala angeweza kurudi Jumanne ijayo. Wa Kanazi angepanda meli usiku kucha hadi Mwanza, kisha treni ya Reli ya Kati hadi Dar es Salaam, atafute ndugu wa kumlaza, na kuiacha migomba yake bila mtu wa kuipalilia. Hata kama tiba ingekuwa ya bure, nauli ingekuwa imekwisha kuifanya ghali. Hivyo jino la Kanazi liliishia mikononi mwa tabibu wa meno wa hospitali ya karibu, aliyefunzwa katika chuo kama cha Mbeya au Tanga, naye akaling'oa, kwani ganzi na koleo ndivyo alivyokuwa navyo. Bibi yangu mzaa mama alizikwa akiwa na magego mawili tu. Sidhani kama yaliyotoka yote yalistahili kutoka.

Katikati ya miaka ya 1980, shule ya meno ya Dar es Salaam iliendesha programu ya afya ya kinywa ya jamii mkoani Morogoro. Mmoja wa waliohusika alikuwa Mholanzi Jo Frencken. Mashine za kubebeka zilizokusudiwa kuhamishia kliniki kijijini ziligota kwenye vikwazo ambavyo mwanakijiji yeyote angevitabiri: umeme hakuna, maji ni ya shida, na kifaa kikiharibika hakuna wa kukitengeneza. Kilichobaki ni vifaa vya mkono. Uozo laini ulikwanguliwa kwa vifaa hivyo, bila kuchimba, na tundu likazibwa kwa simenti ya polikaboksileti. Jino likabaki kinywani. Njia hiyo, iliyokuja kujulikana kwa kifupi cha ART, ilijaribiwa baadaye Thailand na Zimbabwe kwa simenti ya glasi-ayonoma, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza katika Siku ya Afya Duniani, ambayo mwaka huo iliwekwa kwa ajili ya afya ya kinywa.

Masimulizi ya kimataifa hulihesabu tukio la Morogoro kama mwanzo wa mbinu. Kwa mtazamo wa Kanazi, lina maana nyingine: mafunzo yalisafiri kumfuata mgonjwa, badala ya mgonjwa kusafiri kuyafuata, na safari hiyo ikabadilisha kilichofundishwa. Ukosefu wa umeme uliingia katika elimu yenyewe ya udaktari wa meno.

Hata hivyo, tarehe hazikuoana vizuri. Mwaka 1993, mwaka mmoja kabla ya tangazo la Geneva, serikali ilianza kwa awamu utaratibu wa uchangiaji wa huduma katika hospitali za umma, ukianzia ngazi za juu, na mikoa ikiwamo. Mbinu ya kuokoa jino kwa gharama ndogo ilipata sifa duniani wakati ada ilikuwa inarudi kwenye dirisha la hospitali. Nayo simenti iliagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni. Vifaa vya mkono vingeweza kuchemshwa katika zahanati yoyote ya Bukoba na kutumika kwa miaka, lakini kopo la simenti likiisha, tabibu alirudi kwenye koleo.