Wavu wa Golgi: Kutoka Doa Lililobishaniwa hadi Shahidi wa Kifo cha Seli

Mwaka 1898, katika mji wa Pavia, kaskazini mwa Italia, Camillo Golgi alichungulia kwa hadubini vipande vya ubongo wa bundi. Njia ya kuzitia seli za neva rangi nyeusi kwa madini ya fedha aliibuni mwenyewe mwaka 1873, na sasa alikuwa ameifanyia marekebisho. Ndani ya seli, kandokando ya kiini, akaona wavu mwembamba ambao hakuna aliyekuwa ameueleza.

Hakuwa mgeni wa hadubini. Ndiye aliyeonyesha, mnamo 1886, kwamba homa ya malaria hupanda wakati vimelea vinapopasua chembe nyekundu za damu. Hata hivyo wavu wake ulibishaniwa kwa zaidi ya nusu karne: wengi walisema ni uchafu wa rangi tu. Golgi alifariki mwaka 1926 ubishi ukiendelea. Hadubini ya elektroni ndiyo iliyoukata, katika miaka ya 1950: vilionekana vifuko bapa vimepangwa kama chapati kwenye sahani, ambavyo kwa pamoja huitwa Golgi, kwa jina lake. Humo protini hukamilishwa, kisha hupelekwa zinakohitajika.

Seli inapogawanyika, vifuko hivi husambaratika, halafu hujiunga upya katika seli changa. Seli inapokufa, navyo husambaratika, ila havirudi tena. Je, huvunjika kwa sababu seli inakufa, au kuvunjika kwake kunachangia kifo?

Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walionyesha kwamba kimeng'enya kiitwacho kaspasi-2, mojawapo ya vile vinavyotekeleza kifo cha seli, hukaa papo hapo kwenye Golgi na kukata protini yake, golgini-160. Mwaka 2005 wakaongeza jambo zito zaidi: seli zilizopewa golgini-160 isiyokatika zilistahimili baadhi ya vichocheo vya kifo. Kwangu mimi, ugunduzi huo uliiondoa Golgi katika orodha ya wahanga watupu.

Mapema zaidi, mwaka 1990, kundi la Nicholas Gonatas huko Philadelphia lilikuwa limeikuta Golgi imevunjika vipande katika seli za neva zinazoendesha misuli za wagonjwa wa ALS, maradhi yanayompoozesha mtu polepole hadi ashindwe kupumua. Baadaye, katika panya waliopandikizwa jeni ya ugonjwa huo, vipande hivyo vilionekana miezi kadhaa kabla mnyama hajaanza kupooza.