Kariakoo na Swali la Nani Mwenyeji

Kila mwaka, muhula wa kwanza unapokaribia kwisha, huwachukua wanafunzi wangu wa mwaka wa pili na kwenda nao Kariakoo kwa miguu. Wengi wao huifahamu Kariakoo kwa bei ya viatu na simu. Mimi huwasimamisha kwanza Mnazi Mmoja, kwa kuwa historia ya Kariakoo haianzii Kariakoo. Inaanzia katika uwanja huu ulioachwa wazi kwa makusudi, ili pawepo nafasi kati ya mji wa wafanyabiashara wa Kihindi na mji wa Waafrika. Leo watu hupumzika humo chini ya miti, na sherehe za kitaifa hufanyikia hapo. Wachache hukumbuka kwamba uwanja huo ulikuwa mpaka.

Wajerumani, walioifanya Dar es Salaam makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, walianza mapema kuugawa mji kwa kanuni za ujenzi. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali yao ilikuwa imekwisha kulichukua shamba la Schoeller, magharibi ya mji, ili wahamishiwe huko Waafrika. Vita vikakatiza mpango. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, mahali hapo pakawa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps kwa jina lao, na ulimi wa watu ukalifanya jina hilo kuwa Kariakoo. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita vile kwa njaa, maradhi na uchovu, wengi bila makaburi yanayojulikana. Sijui mji mwingine ambao soko lake kuu limebeba jina la watu hao bila kuwakumbuka.

Katika miaka ya 1920 Waingereza waliuendeleza mgawanyo ule kwa lugha ya adabu zaidi. Kanuni zao hazikutaja rangi ya mtu. Zilitaja aina ya jengo. Eneo la kwanza lilikuwa la nyumba za kuishi za mtindo wa Kizungu, la pili la biashara na makazi, la tatu la nyumba za kienyeji. Asiyekuwa na fedha za kujenga kwa mtindo wa eneo fulani hakuwa na haja ya kukatazwa kuingia humo. Huwaomba wanafunzi waikariri mbinu hii, maana haikufa na ukoloni: ukitaka kumwondoa mtu mtaani bila kumfukuza, panga kiwango cha jengo asichokimudu.

Waafrika waliopewa viwanja Kariakoo hawakupewa ardhi. Walijenga nyumba zao wenyewe juu ya ardhi ya serikali, na wakalipa kodi ya kiwanja. Hata hivyo, katika mistari ile iliyonyooka ya ramani ya kikoloni walijenga kitu ambacho mpimaji hakukichora.

Nakusudia nyumba ya Kiswahili. Msomaji aliyekulia katika fleti hana budi kuelezwa. Mbele kuna baraza la kukalia. Ukipita mlango mkubwa unaingia ukumbi mrefu, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na mwisho wa ukumbi kuna uani: jiko, bafu, choo, kamba za kuanikia nguo, pengine na banda la vyumba vya ziada. Mwenye nyumba aghalabu aliishi humo humo na wapangaji wake. Wenye nyumba wanawake hawakuwa wachache. Mwanamke aliyejiwekea akiba kutokana na kupika vitumbua au kuuza pombe aliweza kujenga chumba baada ya chumba, na uzeeni kodi ikamlisha.

Nilipokuja mjini kusoma, katika miaka ya 1980, nilikaa kwa shangazi yangu aliyepanga chumba kimoja katika nyumba ya namna hiyo, Mtaa wa Likoma. Mimi nililala ukumbini, juu ya mkeka uliokunjwa kabla ya alfajiri ili watu wapite. Vyumba sita vilikuwa na Mzaramo, Mpogoro, Mnyamwezi, familia ya Kingazija na sisi. Mwenye nyumba tulimwita Bibi, na kila aliyechelewa kurudi usiku alimpigia hodi yeye, maana ufunguo ulikuwa mmoja. Sipambi umaskini: choo kilikuwa kimoja, na ugomvi wa maji uani ulikuwa wa kila siku. Lakini ugomvi ule ulikuwa na mahali pa kuamuliwa. Bibi alisikiliza akiwa juu ya kigoda chake. Likimshinda, lilikwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi. Na wazee wa barazani walikwisha kulijua kabla halijafika. Uchafu ukitupwa mferejini, aliyetupa alijulikana. Fundi akichimba msingi karibu mno na ukuta wa jirani, aliulizwa siku ile ile.

Siasa za nchi hii zilipita katika kumbi na mabaraza hayo. Chama cha African Association, kilichoundwa mwaka 1929, kilikuwa na nyumba yake New Street, mtaa tunaouita leo Lumumba, na hapo ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Abdulwahid Sykes, mmoja wa walioandaa siku ile, alikuwa msimamizi wa soko la Kariakoo. Wanasiasa wa wakati ule walijua kwamba anayeongea na wauza mihogo asubuhi anaongea na mji mzima ifikapo jioni. Bibi Titi Mohamed alikuwa kiongozi wa kikundi cha ngoma kabla ya kuwa kiongozi wa siasa, na mwaka 1955, alipokabidhiwa kazi ya kuwaingiza wanawake katika chama, alivifuata vikundi vya ngoma na kina mama wa nyumba za mjini. Katika miezi michache maelfu walikuwa na kadi. Wasomi tuna desturi ya kuandika kana kwamba uhuru uliletwa na hotuba. Hotuba zilihitaji watu waliokwisha kujuana, na Kariakoo walijuana kwa sababu ya uani.

Baada ya uhuru nitapita haraka. Chama kiliweka mfumo wa nyumba kumi kumi katikati ya miaka ya 1960, wenye manufaa na karaha zake. Mjumbe aliyepatanisha wanandoa ndiye aliyejua nani hakuhudhuria mkutano. Mwaka 1975 lilifunguliwa Soko Kuu, kazi ya msanifu Beda Amuli, lenye paa lililofunguka juu kama miavuli. Lilikuwa jengo la kujivunia, na moto wa Julai 2021 ulipolishika, niliwaona watu wazima wakilitazama kwa simanzi ya msiba wa nyumbani.

Badiliko kubwa lilikuja na soko huria. Bidhaa zilipofurika tangu katikati ya miaka ya 1980, chumba cha mbele cha nyumba ya Kiswahili kilivunjwa ukuta kikawa duka. Kisha cha pili. Baraza likawa meza ya machinga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mpango mpya wa uendelezaji ukafungua njia ya maghorofa marefu, na kiwanja kilichobeba vyumba sita kikatamaniwa kwa fremu za chini na stoo za juu. Si kwamba wenyeji walifukuzwa. Wengi waliuza au waliingia ubia na mwenye mtaji: wewe toa kiwanja, mimi nijenge, tugawane. Mara nyingi Bibi alikuwa amekwisha kufariki, warithi ni tisa, na nyumba haigawanyiki. Warithi wa nyumba ile ya Likoma waliuza, wakagawana, wakahamia pembezoni mwa jiji walikopata nafasi ya kupumua. Nani atawalaumu? Mimi siwalaumu. Fremu zilizopo hapo sasa zinalisha familia nyingi kuliko zile sita, na wanaokuja kununua humo wanatoka hadi Lubumbashi na Lusaka.

Ila kuna jambo moja ambalo halikuhama pamoja na wenyeji, nalo ni sheria. Kiswahili kina neno moja, mtaa, kwa barabara, kwa ujirani, na kwa ngazi ya chini ya serikali mijini. Zamani Kariakoo maana hizo tatu zilikuwa kitu kimoja. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa mtaa ni wa wakazi wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Mkazi ni anayelala. Lakini mfanyabiashara aliyelipa kilemba cha mamilioni kupata fremu Mtaa wa Kongo analala Tabata au Mbagala. Huko ndiko anakopiga kura kumchagua mwenyekiti wa mtaa ambao huuona usiku tu. Kuli, mama lishe na dalali wako vivyo hivyo. Wanaoujua mtaa mchana hawana sauti ndani yake, na wenye sauti wamebaki wachache, katika fleti za juu na nyumba za zamani zilizosalia.

Ndipo ninapoielewa migomo. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa sababu ya malalamiko ya kodi, na ikambidi Waziri Mkuu aje kuwasikiliza hadharani, Mnazi Mmoja. Mwaka uliofuata wakafunga tena. Wapo waliowaita wakorofi. Mtu asiye na mkutano wa kusemea husema kwa kufuli.

Mambo mengine hayawezi hata kusemwa kwa kufuli. Tarehe 16 Novemba 2024, asubuhi ya Jumamosi, ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya ishirini. Tume iliundwa kukagua majengo, na hiyo ni kazi ya wahandisi; sina cha kuwafundisha. Swali langu ni la mwanahistoria: katika mtaa ule, jirani anayeona ufa, au anayesikia nyundo mahali pasipostahili, anampigia hodi nani? Mpangaji wa fremu anaogopa mkataba wake. Mwenye jengo hayupo. Siku kumi na moja baada ya maafa yale, tarehe 27 Novemba, nchi nzima ilichagua viongozi wa mitaa, na wengi wa waliokuwa wakifukua kifusi kwa mikono yao hawakuwa na kura hapo.

Nimekuwa nikipendekeza, katika semina zenye watumishi wa halmashauri, kwamba katika mitaa ya biashara sheria impe mwenye mkataba wa pango na mwenye kitambulisho cha mjasiriamali nafasi ya kuhudhuria na kusema katika mkutano mkuu wa mtaa, japo bila kura ya kumchagua mwenyekiti, na kwamba kibali cha ujenzi au ukarabati mkubwa kisomwe katika mkutano huo kabla ya nyundo ya kwanza. Ofisa mmoja alinijibu kwamba wenye fedha wataununua mkutano. Hofu yake ni ya haki. Nilimuuliza kama sasa haujanunuliwa, akacheka, akaandika kitu katika daftari lake.

Mwaka huu, tulipokuwa Mtaa wa Mchikichi, mwanafunzi mmoja aliiona nyumba ya Kiswahili iliyobaki imebanwa kati ya maghorofa mawili. Baraza lilikuwa limejaa mabegi ya kuuza, lakini mlango mkubwa ulikuwa wazi na ukumbi ulionekana hadi uani. Alipiga hodi. Mzee aliyeitikia alimkaribisha, akamuuliza anatafuta saizi gani.